Barua ya wazi: Rutuba ya Rungwe na Muheza isiishie Pugu Kinyamwezi

Kwa Waziri wa Kilimo, Waziri wa Nchi Ofisi ya Rais TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na Wakurugenzi wa Halmashauri za Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni bwana shamba mstaafu, naishi na kulima wilayani Mkuranga. Nalitanguliza ombi langu ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua yote alijue: taka zinazooza za masoko ya Dar es Salaam zitenganishwe palepale sokoni, zigeuzwe mboji, yaani mbolea ya mabaki ya mimea yaliyooza, na mboji iliyopimwa ubora iingizwe kwenye mpango wa ruzuku ya mbolea, kwa kuanzia na wakulima wa Mkoa wa Pwani ambao mashamba yao ni udongo wa kichanga kitupu.

Kila usiku malori yanaingia Dar es Salaam na shehena ya chakula. Ndizi zinatoka Rungwe na Kilimanjaro, machungwa Muheza, nyanya Ilula, viazi Njombe, kabichi Lushoto, mananasi Kiwangwa. Kila tenga linaloshushwa lina naitrojeni, fosforasi na potasiamu ambazo mmea ulizinyonya ardhini. Ndizi hasa imejaa potasiamu, na nyingi imo kwenye maganda na kikonyo, yaani sehemu tunazozitupa. Malori hayo yakirudi mikoani hupakia sabuni, saruji, mabati na nguo. Hakuna linalorudisha rutuba lililoileta. Mwaka baada ya mwaka shamba linatoa bila kupewa, na mkulima anaambiwa tatizo lake ni mbegu.

Rutuba hiyo inaishia wapi? Nendeni Mabibo, Temeke Stereo, Buguruni, Ilala au Tandika saa mbili asubuhi, biashara ya jumla inapokwisha. Mtakuta mikungu, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka, maganda ya mananasi na maboksi yaliyolowa, vyote vimerundikana pamoja na chupa na nailoni. Anakuja mkandarasi, anazoa anachoweza na kukipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Kinachobaki kinaingia mtaroni, na masika ikifika kinaelekea Mto Msimbazi. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022, inakadiriwa kuzalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu ni taka zinazooza. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi ya kuzoa taka katika jiji hili ni kusafirisha maji na rutuba kwa dizeli ili kwenda kuvifukia mahali visipomfaa mtu.

Taka za chakula zikirundikwa kwa kina bila hewa hutoa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Hutoa pia maji meusi yanayopenya ardhini na kubeba kila sumu yanayokutana nayo njiani, kuanzia betri hadi mabaki ya rangi. Harufu wanayoilalamikia wakazi wa jirani na dampo haitoki kwenye chupa za plastiki. Inatoka kwenye chakula kilichokosa hewa. Mkiondoa chakula kwenye lundo, mtakuwa mmeondoa harufu, nzi na sehemu kubwa ya uzito kwa pamoja.

Jiji hili limekwisha kufundishwa somo la dampo na wananchi wake wenyewe. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji Mahakama Kuu kwa moshi na uvundo wa jalala, wakashinda. Jiji lilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka pale, Jaji Lugakingira alilikatalia, akishangaa kuona mamlaka ya umma ikiiomba mahakama ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani na kushinda. Zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, na sasa ziko Pugu. Kwa zaidi ya miaka 30 tumekuwa tukibadilisha jirani wa jalala, na kilichomo ndani ya jalala ni kilekile. Pugu nako kutajaa. Swali la kujiuliza leo ni kwa nini tani zote hizi za majani na maganda zipelekwe dampo hata kidogo.

Sasa niwapeleke upande wa pili, shambani, ambako ndiko nilikofanyia kazi maisha yangu yote.

Udongo wa sehemu kubwa ya Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo ni kichanga. Unalimika kwa urahisi, muhogo unauvumilia, mkorosho unauvumilia, mnazi unaupenda. Lakini ukitaka mahindi, mchicha, bamia, nyanya chungu au tikiti, unakuta kwamba udongo huu hauna mikono ya kushikia chochote. Chembe za mchanga ni kubwa na hazina chaji ya kuvuta virutubisho. Mkulima akiweka urea leo na mvua kubwa ya masika ikanyesha kesho kutwa, naitrojeni nyingi inateremka chini kuliko mizizi inavyoweza kufika. Jua likiwaka na urea ikiwa juu ya ardhi, sehemu nyingine inapaa hewani kama amonia. Kutia mbolea ya chumvichumvi peke yake kwenye kichanga kisicho na mboji ni kujaza maji kwenye tenga. Mkulima anaona mahindi yamekuwa kijani kwa wiki mbili, kisha yanarudi njano, na mfuko umekwisha.

Mboji ndiyo inayoupa kichanga mikono. Mabaki ya mimea yaliyooza vizuri yana chaji hasi inayoshika naitrojeni ya amoniamu, potasiamu, kalsiamu na magnesi, ikaziachia kidogo kidogo kadiri mzizi unavyohitaji. Inashika maji pia, na kwa ukanda wetu, ambako vuli inaweza kukatika katikati ya Novemba mahindi yakiwa na kimo cha goti, hizo siku chache za unyevu wa ziada ndizo zinazoamua kama kuna mavuno. Inawapa chakula viumbe wadogo wa udongo, na nyungunyungu wanarudi. Nimeshuhudia shamba la mchicha ambalo halikuwa na nyungunyungu hata mmoja likabadilika baada ya misimu michache ya mboji, mpaka jembe lenyewe likawa linaingia kwa sauti tofauti. Kwenye udongo wenye tindikali wa nyanda za juu, mboji inafanya kazi nyingine: inafungamana na aluminiamu inayounguza mizizi na kuipa fosforasi nafasi ya kutumika.

Naomba tusidanganyane kuhusu uwezo wake, maana wapo wanaoiuza mboji kama muujiza na wakulima wakivunjika moyo hawarudi tena. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Mboji nzuri ya taka za sokoni ina asilimia 1 hadi 2 tu. Tani nzima ya mboji yenye asilimia 1.5 ina kilo 15 za naitrojeni, sawa na kilo 33 hivi za urea, na katika mwaka wa kwanza mmea unapata sehemu ndogo tu ya hizo. Mtu anayesema mboji itaifuta mbolea ya viwandani nchini kesho asubuhi hajawahi kupiga hesabu hiyo. Ninachosema mimi ni kwamba mboji inaifanya mbolea ya viwandani ifanye kazi. Fedha ya ruzuku inayomwagwa kwenye kichanga kilichokufa inapotea kwa kiasi kikubwa. Fedha hiyohiyo kwenye kichanga chenye mboji inarudi kama gunia la mahindi. Kwa hiyo hata anayejali urea peke yake ana sababu ya kuijali mboji.

Na mzigo wa ruzuku mnaujua kuliko mimi. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei, Serikali ilizindua mpango wa ruzuku Mbeya, sikukuu ya Nane Nane mwaka 2022, na mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa unauzwa Sh131,000 ukashuka hadi Sh70,000. Wakulima tulishukuru, na shukrani hiyo ni ya kweli. Lakini mbolea yetu nyingi bado inatoka nje, inanunuliwa kwa dola, na siku bei ya dunia itakapopanda tena tutakuwa palepale. Wakati huohuo potasiamu ya Rungwe inaoza Pugu.

Kurudisha rutuba shambani si jambo tulilofundishwa na wageni. Wamatengo wa Mbinga wanalaza nyasi zilizofyekwa, wanazifukia kwa udongo na kutengeneza ngoro, na kwa njia hiyo wamelima miteremko mikali kwa vizazi bila kuimaliza. Wafipa wanafukia nyasi kwenye matuta ya mviringo yanayoitwa ntumba. Wachagga kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, wanarudisha kila jani la mgomba na samadi ya ng'ombe wa ndani chini ya mgomba uleule. Wakara wa kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, walilazimika kulisha watu wengi kwenye ardhi ndogo na dhaifu, wakafuga ng'ombe ndani na kubeba samadi kichwani hadi shambani. Kilichobadilika ni kwamba sasa mlaji hakai tena jirani na shamba. Anakaa Sinza, Mbagala au Gongo la Mboto. Mzunguko umekatika barabarani, na barabara ziko chini ya mamlaka zenu, si chini ya mkulima.

Naomba tuanze na masoko, si majumbani. Najua semina nyingi huanza kwa kumtaka mama wa nyumbani awe na ndoo mbili. Hilo ni jema na siku yake itafika, lakini nyumba ni mamilioni na kila moja ina kilo moja au mbili. Soko moja la jumla lina tani nyingi mahali pamoja, saa zilezile kila siku, na kwa kiasi kikubwa ni taka safi za mimea. Pale Mabibo, eneo la ndizi, taka karibu zote ni mikungu, majani ya kufungia na maganda. Mnachohitaji ni makontena mawili badala ya moja, mtu wa zamu anayelipwa kusimamia, na kanuni ya soko kwamba nailoni na chupa haziingii kwenye kontena la mboji. Wapagazi na wafanyabiashara wanaweza kulifanya hilo ndani ya wiki moja, kwa sababu tayari wanachambua mzigo kila siku: zuri huku, lililopondeka kule, la kutupa pembeni. Wafugaji wa nguruwe na ng'ombe wa mjini nao huja kuchukua maganda na mabaki ya mama lishe, na hao wasizuiwe. Kinacholika na mtu kiliwe na mtu, kinacholika na mfugo kiende kwa mfugo, na kinachobaki ndicho kiwe mboji.

Kutenganisha sokoni kuna umuhimu ambao mtu wa ofisini anaweza asiuone. Taka zikishachanganyika, huwezi kuzisafisha tena. Kipande cha kioo kikiingia kwenye mboji kitamkata mkulima anayepalilia peku. Betri ikipasuka ndani ya lundo, metali nzito zenye sumu, yaani risasi na kadimiamu, zinaingia kwenye mchicha wa watoto wetu. Mboji iliyochujwa kutoka taka mchanganyiko ya dampo siwezi kumshauri mkulima yeyote aitumie kwenye mboga, hata akipewa bure. Na sheria iko upande wetu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kuhakikisha taka ngumu zinaainishwa kwa aina yake, zile zinazooza zikitengwa na plastiki, vioo na vyuma. Wakenya nao walipitisha sheria yao ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, inayotaka taka zinazooza zitengwe na nyingine. Sisi tulitangulia kuandika kwa miaka 18. Kilichobaki ni kutenda.

Kuna mambo machache ya ufundi ambayo nisingependa yapuuzwe, kwa kuwa ndiyo yanayofanya mradi wa mboji ufe au uishi. Taka za matunda na mboga zina maji mengi na naitrojeni nyingi. Zikirundikwa peke yake zinajikandamiza, hewa inakosekana, na lundo linageuka kuwa uvundo uleule tuliokuwa tunaukimbia. Zinahitaji kuchanganywa na kitu kikavu chenye kaboni, ili uwiano wa kaboni kwa naitrojeni uwe 25 au 30 kwa 1. Dar es Salaam ina vitu hivyo tele. Makumbi ya madafu yamejaa kila kona, yakikatwakatwa yanafaa. Maboksi yasiyo na nailoni yanafaa. Majani makavu yanayofagiliwa barabarani na kuchomwa kila asubuhi yanafaa, na kuacha kuyachoma ni faida nyingine. Maranda ya karakana za Keko yanafaa pia, ila yale ya mbao zilizotiwa dawa yatengwe kabisa, maana dawa hiyo haiozi.

Lundo likichanganywa vizuri hupanda joto lenyewe hadi nyuzijoto 55 mpaka 65 za Selsiasi. Joto hilo likidumu, na lundo likageuzwa mara kwa mara ili sehemu ya nje nayo ipite katikati, vimelea vya magonjwa na mbegu za magugu vinakufa. Mkulima asiye na kipimajoto huchomeka kijiti kirefu katikati ya biwi, akikichomoa anakishika: kikiwa baridi na kikavu anaongeza maji, kikiwa cha moto na chenye unyevu anajua kazi inaendelea, kikinuka vibaya anageuza lundo lipate hewa. Unyevu unajulikana kwa kukamata konzi ya mboji na kuikamua. Yakitoka matone machache tu, inatosha. Baada ya miezi mitatu hivi, ikiwemo wiki za kutulia, inakuwa nyeusi, inanukia udongo wa mvua ya kwanza, na huwezi tena kutambua kilikuwa kitu gani. Tani 3 za taka mbichi zinatoa takriban tani 1 ya mboji.

Mboji mbichi ni hatari kwa mmea. Inaendelea kuoza shambani, inainyang'anya mahindi naitrojeni na kuunguza miche. Kwa hiyo hakuna kiroba kinachopaswa kutoka bila kupimwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania ina jukumu la kusajili na kudhibiti mbolea, na naiomba iweke utaratibu wa kupima mboji ya masoko ambao kikundi cha vijana au halmashauri inaweza kuumudu: virutubisho, chumvi, metali nzito, vimelea, na kama imeiva. Kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), pale Muheza, kinaujua udongo wa nchi hii kuliko taasisi yoyote, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, saa chache tu kutoka hapa. Wapewe kazi ya kuandaa viwango vya matumizi kwa kila zao la Pwani, vya mboji pamoja na urea kidogo, ili ofisa ugani asibahatishe.

Kuna jambo moja ambalo nimelitamani tangu nikiwa kazini. Mawe ya fosfeti ya Minjingu, kule Manyara, ni mali yetu. Shida ya fosfeti hiyo ikisagwa na kutumika peke yake ni kwamba inayeyuka polepole, hasa kwenye udongo usio na tindikali. Ikichanganywa na taka tangu siku lundo linapojengwa, tindikali zinazotolewa na vijidudu wakati wa kuoza huanza kuiyeyusha, na mboji inayotoka ina fosforasi ambayo mmea unaipata mapema zaidi. Maganda ya ndizi yanatoa potasiamu, Minjingu inatoa fosforasi, naitrojeni inaongezewa kwa kiasi kidogo cha urea shambani. Hapo tunakuwa na mbolea ambayo sehemu kubwa yake haikupita bandarini. Dodoma, pale Nala, tayari kuna kiwanda kinachotengeneza mbolea inayochanganya samadi na madini, na inauzwa kwa mkulima. Wazo hilo si geni kwenu, basi lipanuliwe lifike kwenye taka za masoko.

Mabwepande pia pana mfano. Manispaa ya Kinondoni, kwa kushirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga pale kiwanda cha kugeuza taka za masoko kuwa mboji. Naipongeza Kinondoni kwa moyo mweupe. Lakini kiwanda kimoja upande mmoja wa jiji hakiwezi kuhudumia Temeke Stereo na Buguruni, na mboji ni nzito, ina ujazo mkubwa kuliko thamani yake kwa kilo. Ukiisafirisha mbali, nauli inaila faida yote. Ndiyo maana naomba pawepo maeneo madogo ya mboji karibu na barabara za kutokea jijini: upande wa Mbagala kuelekea Mkuranga, upande wa Pugu kuelekea Kisarawe, upande wa Kibamba kuelekea Kibaha, na Kigamboni. Kirikuu na Fuso zinazoleta muhogo, nazi na mboga kutoka wilaya hizo hurudi matupu. Dereva anayerudi Mkuranga na gari tupu atabeba mboji kwa nauli ndogo, kwa kuwa mafuta yalishalipwa na mzigo wa kuja.

Kuhusu ruzuku, ombi langu ni kwamba mboji iliyosajiliwa iwe miongoni mwa mbolea ambazo mkulima anaweza kuzichagua kwa namba yake ileile ya usajili, kwa wakala yuleyule wa pembejeo. Leo mkulima wa Kisarawe anayeelewa kabisa kwamba shamba lake linahitaji mboji analipa bei kamili akiinunua, na jirani yake anayenunua urea anasaidiwa na Serikali. Mtu hafuati anachokijua, anafuata anachokimudu. Na mikataba ya wazoa taka iangaliwe upya. Mkandarasi akilipwa kwa kuzoa na kumwaga tu, hana sababu ya kuhangaika na makontena mawili. Akilipwa zaidi kwa kila tani safi anayoifikisha kwenye mboji kuliko anayoimwaga dampo, atalisimamia jambo hilo mwenyewe usiku na mchana. Vijana na akina mama wanaookota chupa na vyuma kwenye madampo wasisahaulike. Wana macho ya kutambua taka kuliko sisi sote, na ndio wanaostahili kuajiriwa kwanza kwenye kazi hii, wakiwa na glavu, buti na bima ya afya.

Wapo watakaosema mboji italeta nzi na kipindupindu. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu sisi wa ukanda huu tumezika watu kwa kipindupindu. Lakini lundo linalogeuzwa na kupanda joto linaua vimelea. Kinachowalea ni taka iliyotelekezwa kwenye mtaro wa soko kwa siku nne. Anayeogopa ugonjwa ana sababu zaidi ya kutaka taka hizo ziondoke sokoni kila asubuhi na kupelekwa zinakosimamiwa.

Mwezi Mei mwaka 2024, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Nairobi kuzungumzia mbolea na afya ya udongo. Azimio lao lilisema kwamba ifikapo mwaka 2034 bara hili liongeze mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea zenye ubora uliothibitishwa, za viwandani na za asili pia, na kwamba angalau asilimia 30 ya udongo uliochoka urejeshewe afya. Azimio la kwanza la namna hiyo, la Abuja mwaka 2006, lilijikita kwenye kiasi cha mbolea: kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Kwamba safari hii udongo wenyewe umetajwa, tena na mbolea za asili zikapewa nafasi, ni hatua ambayo sisi mabwana shamba wa zamani tuliisubiri kwa muda mrefu. Tanzania ina nafasi ya kulitekeleza kwa kitu ilichonacho tayari, kilichokwisha kufikishwa jijini, ambacho kwa sasa inalipa fedha kukitupa.

Naomba majibu kwa mambo matatu. Kwa Wakurugenzi: ni soko gani katika halmashauri yenu litakalokuwa la kwanza kuwa na makontena mawili, na lini? Kwa Waziri wa Kilimo: je, mboji iliyosajiliwa itaingia kwenye orodha ya mbolea za ruzuku msimu ujao? Kwa Mkuu wa Mkoa: je, mko tayari kukaa na mwenzenu wa Pwani mkatenga maeneo ya mboji kwenye mipaka ya mikoa yenu, kwa kuwa taka ziko kwenu na mashamba yako kwake?

Masika kwetu huanza Machi. Mboji inahitaji miezi mitatu. Lundo litakaloanzwa kabla ya mwisho wa Novemba litakuwa tayari kwa mkulima anayeandaa shamba mwezi Februari. Nina eneo, nina nguvu za kutosha bado, na wapo wastaafu wenzangu wa kada hii Mkuranga na Kisarawe ambao wako tayari kufundisha vikundi bila malipo, siku yoyote mtakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Bwana shamba mstaafu,
Mkuranga, Pwani